Mjukuu Wangu, Usiuze Wimbo kwa Nauli

Mjukuu wangu, nasikia una sauti nzuri. Nasikia pia una haraka. La kwanza namshukuru Mungu. La pili ndilo linaloninyima usingizi.

Kaa hapa karibu yangu. Simu iweke pembeni kidogo, haitakimbia.

Najua unavyotuona sisi. Zikipigwa zilipendwa harusini unatucheka tunavyoinuka na magoti yetu mabovu, unadhani ujana wetu wote ulikuwa bugaluu, raizoni na bia baridi. Raha ilikuwepo, sikatai. Dar es Salaam ya miaka ya 1980 ilijaa dansi. Mlimani Park walikuwa DDC Kariakoo na Sikinde yao. JUWATA walikuwa Amana, Ilala, na Msondo wao. Maquis, Vijana Jazz, Super Matimila, Safari Sound: kila bendi na mtindo wake, kila mtindo na wafuasi wake, na mashabiki walitambiana kuliko wa Simba na Yanga. Sukari ilikuwa ya foleni, sabuni ya foleni, lakini Jumamosi mtu aliipiga pasi suruali yake moja akaenda dansini.

Lakini leo sitaki uwaangalie wachezaji. Nataka umwangalie mtu mmoja ambaye hakuwa akicheza. Amekaa mlangoni, anahesabu viingilio.

Huyo ndiye mwenye vyombo.

Nisikilize vizuri hapa, maana mengi yalianzia kwake. Gitaa la umeme, ampli, spika, vipaza sauti, vyote vilitoka nje, na fedha za kigeni zilikuwa adimu. Mwanamuziki wa kawaida angevitoa wapi? Basi vyombo vilikuwa vya shirika, au vya jumuiya, au vya jeshi, au vya tajiri. Mlimani Park ilizaliwa 1978 chini ya shirika la usafiri na teksi, na mwaka 1983 ikaingia mikononi mwa DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Msondo walikuwa wa wafanyakazi tangu enzi za NUTA, mwaka 1964. Vijana Jazz walikuwa wa vijana wa Chama. Matimila hata jina lenyewe lilikuwa la mfanyabiashara aliyemiliki vyombo. Remmy Ongala anaimba, ukumbi mzima umesimama, na bendi inaitwa kwa jina la mtu mwingine.

Siwatukani waliomiliki. Mashirika yale yalilea muziki. Mpiga besi alikuwa na sare, alikuwa na mshahara mwisho wa mwezi, alikuwa na mahali pa kwenda kufanya mazoezi asubuhi. Wengi wenu leo hamna hata hicho.

Ila mshahara hulipa siku ulizofanya kazi. Ukiugua, ukizeeka, ukikorofishana na kiongozi, unatoka na sauti yako tu. Vyombo vinabaki. Mwenye vyombo halali njaa. Hayo niliwaambia vijana wa wakati ule, wakanicheka. Wewe nakuomba usinicheke.

Mwaka 1985 mji ulitikisika. Muhidin Gurumo, Hassan Bitchuka na Abel Balthazar waliondoka Mlimani Park wakaenda Safari Sound, na mtindo wao mpya ukaitwa Ndekule. Vijiweni hapakuwa na habari nyingine. Kuna waliosema wamesaliti, kuna waliosema wamefuata maslahi. Mimi niliwaunga mkono, mtu ana watoto.

Lakini nilikuwa nasikiliza kitu kingine. Kila bendi ilipogombana, ugomvi ulikuwa wa mshahara, wa posho, wa nani awe kiongozi. Sikusikia hata siku moja mtu akigombania wimbo. Aliyehama aliziacha nyimbo alizotunga, akafika kule, akaanza kutunga nyingine. Halafu akahama tena, akaziacha na hizo.

Unaelewa, mjukuu wangu? Walidai nauli, wakasahau basi.

Wimbo ukishaiva ulipelekwa Redio Tanzania, kule Barabara ya Pugu. Bendi inaingia studio, inapiga, wimbo unashikwa kwenye mkanda, kwisha. Tanzania Bara haikuwa na redio nyingine mpaka 1994, kwa hiyo ukipigwa pale umesikika Kigoma, Mtwara na Bukoba kwa dakika ile ile. Mtunzi anapita mtaani kwa miguu, anasikia sauti yake dukani, anaisikia kwa jirani, anaisikia ndani ya basi ambalo hana nauli ya kulipanda. Watu wanampungia mikono, naye anacheka.

Makofi hayachemshi maharage. Hilo lishike, utalihitaji.

Santuri hatukuwa na kiwanda cha kuzitengeneza. Bendi iliyotaka santuri ilifunga safari mpaka Nairobi. Wengine walihamia huko moja kwa moja, kama ndugu wawili wa Tanga, Wilson na George Kinyonga, walioijenga Simba Wanyika. Kisha Mzee Mwinyi akawa Rais, milango ya biashara ikafunguliwa, redio kaseti zikamwagika. Ukawa unaingia duka la Kariakoo, unataja nyimbo unazozitaka, kijana anakurekodia kwenye kanda tupu, anaandika orodha kwa kalamu ya wino, unalipa. Aliyelipwa ni mwenye mashine. Hakuna aliyeona kwamba huo ni wizi. Hata polisi alikuja kurekodiwa ya kwake, akasimama foleni kama raia mwema.

Sheria ya hakimiliki ilikuwepo tangu 1966, lakini ukimuuliza mwimbaji wa dansi alikuwa haijui. Sheria mpya, ya Hakimiliki na Hakishiriki, ilitungwa 1999, na COSOTA, ofisi ya kusimamia hakimiliki, ikaja baada yake. Piga hesabu. Mtu aliyevuma 1982 akiwa na miaka 35, sheria hii ilimkuta ana 52, kama ilimkuta.

Marijani Rajab haikumkuta. Jabali la Muziki, ndivyo tulivyomwita, na hakuna aliyebisha. Mtunzi wa Zuwena, kiongozi wa Dar International, mtu ambaye Mtanzania wa umri wangu anaweza kumtambua kwa neno lake la kwanza tu. Alifariki 1995. Miaka yake ya mwisho alikuwa akiuza kaseti kwenye kibanda. Kaseti, mjukuu wangu. Jabali amekaa nyuma ya meza, anasubiri wateja.

Na Gurumo, huyo niliyekutajia, aliimba kwa zaidi ya miaka 50. Mwaka 2013 alipotangaza kustaafu hakuwa na gari. Kijana wenu, Diamond Platnumz, akamzawadia gari mbele ya watu na kamera. Nilimpenda kijana yule siku ile, na bado nampenda kwa lile. Mzee alifariki Aprili 2014.

Lakini hebu tazama tulipofikia. Mtu aliyeimbia taifa nusu karne, gari lake la kustaafu limetoka kwenye huruma ya kijana mdogo kwake kwa zaidi ya miaka 40. Zawadi humtaka mtu ashukuru. Mirabaha ni haki yake, haimtaki ashukuru mtu. Mimi sitaki uzeeke ukishukuru.

Usiniambie kwamba hayo ni ya kwetu tu, kwamba Waafrika tulikuwa hatujui. Ngoja nikuvushe mpaka kwanza, kisha bahari.

Malaika unaijua. Umeiimba shuleni. Fadhili William, Mtaita wa Kenya, aliirekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Miriam Makeba akaibeba duniani. Mwaka 1981 Boney M, wale wa Ujerumani waliokuwa wakivuma, wakaiimba nao. Wakati huo huo Mtanzania mmoja, Adam Salim, alidai kwamba aliutunga yeye tangu miaka ya 1940. Fadhili alifariki 2001 na ubishi haujaisha. Wimbo ulikuwa mtoto asiye na cheti: kila anayempenda anaweza kumchukua, na baba akienda mahakamani hana cha kuonyesha.

Mwaka 1982 vijana wa Mombasa, Them Mushrooms, wakatoa Jambo Bwana, wimbo wa Teddy Kalanda Harrison, wa kuwachekesha watalii hotelini. Mwaka uliofuata, 1983, Boney M hao hao wakatoa wa kwao juu ya huo. Angalia kasi hiyo. Hapakuwa na intaneti wala simu ya mkononi, na bado wimbo wa ufukwe wa Mombasa ulifika Ujerumani ndani ya mwaka. Wa kwako leo utafika kabla hujamaliza kunywa chai. Je, jina lako litafika nao?

Sasa nikupe kilichoniuma kuliko vyote, na sikukielewa mpaka nilipokuwa mzee.

Solomon Linda, Mzulu, aliurekodi Mbube Johannesburg mwaka 1939 kwenye kampuni ya Gallo. Haki zake aliziuza kwa shilingi 10. Wimbo ukaenda Marekani, ukabadilishwa jina mara mbili, ukawa ule wa simba aliyelala ambao watoto wa dunia nzima wanaujua. Linda alifariki 1962, maskini. Mwaka 1994 ukaingia kwenye filamu ya The Lion King, na fedha zikaendelea kumiminika kwa watu ambao hawakuwahi kumwona.

Hayo wengi wanayasimulia. Wasilosimulia ni hili. Sheria ya zamani ya Waingereza, ya mwaka 1911, iliyotumika pia kwenye makoloni, ilisema kwamba mtunzi akiuza haki zake, miaka 25 baada ya kufa kwake haki hizo zinarudi kwa warithi. Linda alikufa 1962. Ongeza 25. Ni 1987.

Mwaka 1987, mjukuu wangu! Sisi tuko DDC tunacheza Sikinde, na kule Soweto mabinti wa Linda ni wamiliki wa mojawapo ya nyimbo zinazoimbwa kuliko zote duniani, na hawajui. Hakuna aliyewagongea mlango. Kwani nani angewagongea, yule aliyekuwa anapokea fedha? Ilichukua miaka mingi mpaka mwandishi mmoja wa habari akachimba, mwanasheria akachimba, kesi ikafunguliwa 2004, na makubaliano yakapatikana 2006. Binti mmoja wa Linda alikuwa ameshakufa.

Haki usiyoijua haikudai. Itakaa kimya hata uzikwe.

Nakuomba, jifunze kuijua yako.

Sasa geuza upande wa pili. Mwaka ule ule wa 1985, wakati bendi za Dar zinanyang'anyana waimbaji kwa mshahara, Michael Jackson alitoa dola milioni 47.5 akanunua kampuni inayoitwa ATV. Wewe unamjua kwa kuteleza kinyumenyume. Mimi namjua kwa siku ile. Hakununua magitaa, hakununua ukumbi, hakununua hata sauti ya mtu. Alinunua makaratasi. Makaratasi yalisema kwamba nyimbo nyingi za Beatles, zikipigwa popote, mgawo wa mtunzi upitie kwenye kampuni ile.

Na Paul McCartney, mtunzi mwenyewe, alikuwa hai, tajiri, mzima wa afya. Nyimbo alizotunga ujanani yeye na John Lennon zilikuwa zimeshawatoka mikononi tangu 1969. Tena ni yeye aliyemweleza Michael kwamba fedha ya kweli iko kwenye kumiliki nyimbo. Mwanafunzi akasikia vizuri kuliko mwalimu alivyotaka!

Michael alikufa 2009 akiwa na madeni makubwa. Sikuambii uige maisha yake. Lakini mwaka 2016 kampuni ya Sony iliwalipa wasimamizi wa mirathi yake dola milioni 750 kwa sehemu yake ya makaratasi yale. Sauti ilikuwa imenyamaza miaka saba. Karatasi ilikuwa bado inafanya kazi.

Sauti ina uzee, karatasi haina.

Nikiwa hapo hapo kwa Wazungu, kuna vijana wawili nataka uwakumbuke, maana na ninyi mna mashine siku hizi za kurekebisha sauti, na nasikia sasa hata mashine yenyewe inaimba. Waliitwa Milli Vanilli. Sura nzuri, nywele ndefu, wanacheza ungefikiri hawana mifupa. Februari 1990 walipewa tuzo ya Grammy ya wasanii wapya. Novemba mwaka huo huo wakanyang'anywa, kwa sababu ilijulikana kwamba hawakuimba hata neno moja kwenye ile albamu. Waliimba watu wengine, wao wakafungua midomo. Mtayarishaji wao alikuwa Frank Farian, yule yule wa Boney M, ambako pia mwanamume aliyekuwa akicheza jukwaani siye aliyesikika kwenye santuri. Farian aliendelea na kazi yake. Rob Pilatus, mmoja wa wale vijana, alikutwa amekufa hotelini mwaka 1998. Alikuwa na miaka 32.

Mzee alitengeneza, vijana wakaaibika. Ukiambiwa, "Wewe njoo na sura tu, mengine tutayamaliza sisi," ondoka. Usisubiri hata soda.

Na mengine yaliyotumaliza, nitayapitia haraka kwa kuwa umeshayasikia kwa bibi yako. Barabara za usiku: Mbaraka Mwinshehe, aliyekwenda na Morogoro Jazz mpaka Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia ya 1970, alikufa kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979, hajatimiza miaka 35. Chupa. Na ule ugonjwa, UKIMWI, ambao tulipoanza kuusikia katikati ya miaka ya 1980 tuliufanyia mzaha. Franco wa Zaire aliuimbia 1987 akiwaonya watu, na mwaka 1989 akafariki Ubelgiji. Remmy naye alitoa wimbo wa kuhimiza kinga, Mambo kwa Soksi, redio ikaona haya kuupiga. Aibu yetu ilizika watu. Usiku wa shoo una watu wengi, mjukuu wangu, asubuhi yake hawapo. Rudi nyumbani.

Remmy huyo ana jambo jingine la kukufunza. Rafiki yake Mwingereza aliondoka na kanda yake, ikawafikia watu wa tamasha la muziki la WOMAD, wakamwita, na mwaka 1989 albamu yake ikatolewa na Real World ya Peter Gabriel. Kanda moja tu mfukoni mwa mtu. Leo wewe una dunia nzima ndani ya simu, na ukifungua mlango huo bila kujiandaa, anayeingia hajali wewe ni mtoto wa nani.

Basi niambie, akaunti unayowekea nyimbo ni ya nani? Usiniambie "ni yetu". Nani anajua neno la siri? Barua pepe iliyofungulia ni ya nani? Nimekaa na vijana wawili watatu hapa mtaani waliokorofishana na mameneja wao. Walipotaka kuondoka, wakakuta chaneli, nyimbo, wafuasi, vyote viko kwa jina la meneja. Nikawauliza, "Mlikuwa mkilipwa nini?" Wakanitajia nguo, chakula, nauli, na kodi ya chumba Sinza.

Nikanyamaza. Ningesema nini? Mwenye vyombo hakufa. Amebadilisha vyombo.

Zamani alikuwa na ampli. Leo ana studio, biti, kamera na neno la siri. Na kama zamani, siyo kwamba ni mtu mbaya. Wengine ni watu wema kabisa, wametumia fedha zao, wana haki ya kurudishiwa na faida juu yake. Mlipe. Mpe asilimia yake, muandikiane miaka. Lakini asilimia ina mwisho na miaka ina mwisho. Ukiona karatasi imeandikwa "milele" na "dunia nzima", weka kalamu chini. Hata ndoa inasema mpaka kifo.

Na karatasi yenyewe, kama ni ya Kiingereza usichokijua, isikutie aibu kusema hujui. Wanategemea aibu hiyo hiyo. Sema, "Naomba niende nayo nyumbani." Ukijibiwa kwamba nafasi itapotea, basi ilikuwa imeshapotea. Mtafute mwanasheria. Mlipe hata kwa kuuza simu hiyo, nitakununulia nyingine ya tochi.

Siku mnayomaliza kutunga, kabla hamjacheka, kabla hamjapiga picha, andikeni. Nani katunga maneno, nani katunga sauti, nani kapiga gitaa, nani katengeneza biti, kila mmoja na sehemu yake kwa hesabu, tarehe, saini. Fanyeni mkiwa bado mnapendana. Wimbo ukishapata fedha hakuna atakayekumbuka vizuri, hata wewe. Na mpiga gitaa usimsahau, nakuomba sana. Zetu nyingi hukumbukwa kwa mwimbaji, lakini ukinipigia mlio wa kwanza wa gitaa la solo, nakutajia wimbo kabla hajafungua mdomo mtu. Wale wapigaji wengi hawajaandikwa popote.

Halafu nenda COSOTA ukasajili. Kama uko Kenya, iko KECOBO. Najua mnazilalamikia ofisi hizi, na malalamiko mengine nayasikia yana ukweli. Lalamika ukiwa umesajiliwa. Asiyesajiliwa akilalamika anapiga kelele tu.

Utasema, "Babu, wimbo wangu ni wa kuchangamsha tu, baada ya miezi mitatu utakuwa umekufa." Nani kakuambia nyimbo zinakufa? Super Mazembe, Wazaire waliohamia Nairobi, walirekodi Kasongo miaka ya 1970. Mwishoni mwa 2024 wimbo ule uliamka ghafla kwenye simu za vijana wa Kenya, watoto ambao hata wazazi wao walikuwa hawajazaliwa uliporekodiwa. Ukaimbwa barabarani, ukaimbwa kwa mzaha, ukaimbwa kwa hasira. Wengi waliouimba mwanzo wako makaburini. Ungewauliza mwaka ule studio, wangekuambia ni wimbo wa kuchangamsha tu.

Sheria yetu ya sasa inasema haki ya mtunzi inaishi miaka 50 baada ya yeye kufa. Mbaraka alifariki 1979. Kwa hesabu hiyo nyimbo zake bado zina mwenyewe mpaka 2029, na kila inapopigwa Shida kwenye hoteli yenye watalii kuna mtu anatakiwa kulipwa. Wewe una miaka 20. Mungu akikupa 80, wimbo unaoutunga wiki hii utakuwa bado unadaiwa mwaka 2135. Simjui mtoto atakayeudai. Wewe pia humjui. Lakini atakuwa na jina la ukoo wetu, na atatafuta mahali jina hilo lilipoandikwa.

Kwa hiyo ukifika kwenye ile fomu, mjukuu wangu, usiandike jina la jukwaani peke yake. Andika la kwenye kitambulisho, majina yote matatu, kwa herufi zinazosomeka. Mrithi mwandike mama yako kwa sasa, ukioa utabadilisha. Omba nakala yenye mhuri. Moja kaa nayo, moja niletee niiweke kwenye sanduku langu la bati, maana simu zenu mnazipoteza kila mwaka.